Walionunua Sauti: Mhadhara Kuhusu Waimbaji Waliohasiwa wa Italia



Kila mwaka Krismasi na Pasaka zikikaribia, kwaya zetu nyingi huifungua tena Masihi ya George Frideric Handel. Wako wanaoiimba kwa Kiswahili, wako wanaoiimba kwa Kiingereza, na Haleluya yake huijua hata asiyeweza kusoma nota. Katika sehemu ya kwanza ya kazi hiyo kuna wimbo wa mtu mmoja unaouliza nani ataweza kuistahimili siku ya kuja kwake Bwana. Maneno yanapofika kwenye moto wa mtu anayesafisha fedha, muziki unabadilika ghafla na kuanza kukimbia. Mbio hizo hazikuwamo Masihi ilipoimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Handel aliziandika London mwaka 1750 kwa ajili ya kijana mmoja wa Kiitalia, Gaetano Guadagni, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Guadagni aliimba alto, naye aliweza kuimba hivyo kwa sababu alihasiwa alipokuwa mtoto.

Nimemtaja Guadagni mapema ili tuelewane kwamba habari hii haikukaa pembeni mwa muziki tunaoupenda. Imo ndani yake. Kwa takriban miaka mia tatu, wavulana wa Italia walihasiwa ili sauti zao zisishuke, na Wazungu wakawaita makastrato. Waliowakata walikuwa waganga wa upasuaji na vinyozi ambao karibu wote majina yao yamepotea. Nitakalolisema jioni hii ni kwamba kisu kile hakikuongozwa na mkono wa kinyozi. Kiliongozwa na waliolipa: makanisa, wafalme, majumba ya opera, na watu waliokata tiketi wakaketi kusikiliza. Sheria ilimlaani aliyekata, na kwaya ikamwajiri aliyekatwa. Wakati huohuo nitawatetea waimbaji wenyewe, kwa kuwa wamedhulumiwa mara mbili. Kwanza walidhulumiwa na kisu, kisha na sisi tunaowasimulia kana kwamba usanii wao wote ulikuwa kidonda.

Tuanze na mwili, maana bila kuuelewa mwili hatutaelewa kwa nini watu walipagawa na sauti hiyo.

Kabla ya balehe, zoloto ya mvulana na ya msichana hukaribiana ukubwa. Balehe ikifika, korodani humwaga testosteroni kwa wingi. Zoloto ya mvulana hupanuka, gegedu lake hutokeza shingoni, nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, na sauti hushuka kwa karibu oktavu nzima. Korodani zikiondolewa kabla ya hapo, au mishipa yake ikikatwa zikanyauka, hayo yote hayatokei. Nyuzi hubaki fupi. Mwili, hata hivyo, haubaki wa mtoto. Homoni hizohizo za balehe ndizo zinazoifanya mifupa mirefu iache kukua. Zisipokuwapo, ncha za mifupa huchelewa kufunga, mikono na miguu hurefuka, kifua hupanuka. Aliyehasiwa alikua akawa mtu mrefu mwenye mapafu makubwa na nyuzi za sauti fupi, zinazotii haraka. Hewa nyingi ikipita kwenye nyuzi za namna hiyo, tena baada ya mafunzo ya miaka mingi, inatoa sauti ambayo mtoto hana nguvu za kuitoa na ambayo mwanamke huitoa kwa rangi tofauti.

Mwaka 2006 wataalamu walilifungua kaburi la Farinelli, aliyekuwa maarufu kuliko wote, kwenye makaburi ya Certosa huko Bologna. Mifupa ilikuwa imeharibika sana, lakini waliona mfupa wa paji la uso umenenepa kwa ndani, hali ambayo kwa kawaida huonekana kwa wanawake waliokoma hedhi. Farinelli alifariki akiwa na miaka 77. Mwili wake ulikuwa bado unatoa ushahidi wa kile alichofanyiwa utotoni.

Sasa, nani alikitaka kitu hiki? Matowashi waliimba makanisani zamani kabla ya Roma kuwataka. Wabizanti walikuwa nao Konstantinopoli. Towashi mmoja aitwaye Brison aliongoza waimbaji wa malkia Eudoksia karibu na mwaka 400, na wenzake wa baadaye waliendelea kusikika Hagia Sofia hadi askari wa Vita vya Msalaba walipouteka mji huo mwaka 1204. Lakini mlolongo unaotuhusu leo ulianza upya katika karne ya 16. Muziki wa kanisa ulikuwa umeota matawi: sauti nne, tano, sita, nane, kila moja na njia yake, na zile za juu zilizidi kuwa ngumu. Wanawake hawakuruhusiwa. Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14, anawaagiza wakae kimya katika kusanyiko, na agizo hilo lilichukuliwa kuwa linahusu uimbaji pia. Wavulana waliruhusiwa, lakini kila mwalimu wa kwaya anajua taabu yake: unamfundisha mtoto miaka sita, na mwaka anaoiva ndio mwaka sauti inaondoka. Kwa muda, kwaya ya Papa katika Kanisa la Sistina iliwategemea wanaume kutoka Hispania walioimba kwa falseto, yaani wanaume wazima wenye sauti nzito za kuzungumzia ambao walijua kuitumia kingo ya nyuzi za sauti peke yake.

Kisha angalieni miaka mitatu ya Papa Sixtus V. Mwaka 1587 aliamuru kwamba mwanamume aliyehasiwa hawezi kufunga ndoa halali. Mwaka 1588 aliwakataza wanawake kupanda jukwaani Roma. Mwaka 1589 alitoa waraka wa kuipanga upya kwaya ya Basilika ya Mtakatifu Petro, na katika waraka huo akaweka nafasi za waimbaji matowashi. Mtawala mmoja, ndani ya miaka mitatu, aliwanyima watu hawa ndoa, akawaondolea washindani wao jukwaani, akawafungulia ajira. Sidhani kama aliketi akapanga shauri hilo lote kwa pamoja. Lakini mzazi maskini wa Puglia au wa Romagna mwenye mtoto mwenye sauti nzuri hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Wapo watakaosema: hiyo ilikuwa imani ya nyakati zile, hawakuwa na njia nyingine. Njia ilikuwapo. Venice, mji wa Wakatoliki walewale, ilikuwa na nyumba za kulelea watoto walioachwa, na mojawapo, Ospedale della Pietà, iliwafundisha wasichana muziki mpaka watu wakasafiri kutoka nchi za mbali kwenda kuwasikia. Antonio Vivaldi aliajiriwa pale mwaka 1703. Wasichana hao waliimba kanisani, nyuma ya vyuma vya dirisha ili nyuso zao zisionekane wazi, na wengine wao walishika hata sauti za chini ambazo kwa kawaida ni za wanaume. Misa iliimbwa na muziki ukakamilika bila mtoto hata mmoja kukatwa. Roma na Napoli zingeweza kufanya hivyo. Ziliona, zikachagua jingine.

Napoli ndiko kilikokuwa kiwanda. Kulikuwa na konsevatori nne: Santa Maria di Loreto, Pietà dei Turchini, Sant'Onofrio a Capuana na Poveri di Gesù Cristo. Zilianza kama nyumba za yatima katika karne ya 16, zikageuka shule za muziki. Mwandishi Mwingereza Charles Burney, aliyetembea Italia mwaka 1770 akiandika habari za muziki, aliingia Sant'Onofrio akakuta vyombo saba au vinane vya kibodi vinapigwa katika chumba kimoja, kila mwanafunzi na wimbo wake, na fidla na waimbaji humohumo. Juu, peke yao, walilala wavulana kumi na sita waliohasiwa. Chumba chao kilitiwa joto zaidi kuliko vya wenzao, wasije wakapata mafua na kuharibu sauti. Naomba msikipite haraka chumba hicho cha juu. Mtoto yatima anayetetemeka kwa baridi ghorofa ya chini na mtoto aliyekatwa anayelala penye joto ghorofa ya juu ni watoto wa nyumba moja. Tofauti yao ni kwamba mmoja ameshakuwa mali.

Burney huyohuyo alijaribu kujua upasuaji unafanyika wapi. Milano walimwambia ni Venice. Venice wakamwambia ni Bologna. Bologna walikana, wakamwelekeza Firenze. Firenze wakamtuma Roma, na Roma wakamtuma Napoli. Kila mji ulikuwa na waimbaji hao katika makanisa yake, na hakuna mji hata mmoja uliokubali kwamba ndio unaowatengeneza. Kwa maoni yangu hakuna ushahidi unaoushinda huu. Mtu asiyeona aibu haelekezi mgeni mji wa jirani.

Kisheria, kumkata mtoto kwa ajili ya sauti kulikatazwa, na adhabu ya kanisa kwa aliyehusika ilikuwa kutengwa. Kwa hiyo kila mwimbaji alikuja na kisa chake. Huyu alianguka kutoka juu ya farasi. Yule aling'atwa na nguruwe mwitu. Mwingine alizaliwa na kasoro ambayo daktari aliona ni lazima kuitibu kwa kisu. Italia nzima ingekuwa imejaa nguruwe wenye chuki na watoto wenye vipaji tu. Padri aliyesikiliza kisa hicho alijua, mkuu wa kwaya alijua, na mwenye ukumbi wa opera alijua. Hata Papa Benedikto XIV, mtu msomi na mwenye busara, alipoligusa suala hili katika kitabu chake cha mwaka 1748, aliandika kwamba kukata viungo hivyo kwa ajili ya sauti hakuhalalishwi, lakini hakuwaunga mkono waliotaka waimbaji hao waondolewe makanisani. Alihofia msukosuko. Naielewa hofu yake, na bado nasema kwamba mwaka ule watoto wengine walikatwa kwa sababu nafasi za kazi zilibaki wazi.

Na mtoto mwenyewe je? Kuna hati moja ambayo kila nikiifikiria hunizuia kusema haraka. Inamhusu Gaetano Majorano, aliyekuja kujulikana kama Caffarelli. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, bibi yake alimwachia mapato ya mashamba mawili ya mizabibu ili asome sarufi na hasa muziki. Hati inasema kwamba mtoto ana mwelekeo mkubwa wa muziki na anatamani kuhasiwa awe towashi. Anatamani! Watetezi wa zamani walilishika neno hilo kama ngao. Mimi nauliza, mtoto wa miaka kumi anatamani nini? Anatamani kile ambacho watu wazima waliomzunguka wamekwisha kukitamani kwa niaba yake. Hajui ndoa ni nini, hajui kukosa watoto ni nini, hajui kucheka kwa watu kwenye vibaraza vya Napoli. Anajua kwamba akiimba watu wananyamaza na bibi anafurahi.

Caffarelli alifaulu. Alikuwa Serse wa kwanza katika opera ya Handel ya jina hilo, London mwaka 1738, akapata utajiri, akajenga jumba Napoli ambalo lipo hadi leo, na juu ya mlango akaandikisha maneno ya Kilatini ya kujisifu kwa kujilinganisha na Amfioni, yule wa hadithi za Kigiriki aliyejenga Thebe kwa muziki. Lakini waliofaulu kama yeye walikuwa wachache. Kisu kilihifadhi sauti aliyokuwa nayo mtoto. Hakikumpa sikio, wala pumzi, wala akili ya muziki. Mtoto aliyegundulika baadaye kuwa na sauti ya kawaida hakurudishiwa kitu. Waliokuwa na bahati ya kadiri walipata kazi katika kwaya za makanisa ya miji midogo, wakaimba masifu ya jioni kwa mshahara mdogo maisha yao yote. Hao ndio wengi, na vitabu vya historia huwataja kwa sentensi moja, kama nilivyofanya mimi sasa hivi kwa kukosa habari zao.

Nimesema nitatetea usanii wao, na ningependa wanakwaya mnisikilize kwa makini hapa. Mwandishi wa muziki Angelini Bontempi, ambaye naye alihasiwa, alieleza mwaka 1695 ratiba ya shule ya Roma aliyosomea chini ya Virgilio Mazzocchi. Asubuhi, saa moja nzima kwa vifungu vigumu vya kuimba. Saa nyingine kwa masomo ya fasihi. Saa nyingine ya kuimba mbele ya kioo, mwalimu akiwapo, ili mwanafunzi asikunje uso wala asipinde mdomo. Mchana, nadharia na kutunga, kisha mazoezi ya chombo. Siku za kutoka walikwenda nje ya lango la mji, mahali penye mwangwi, wakaimba na kujisikiliza sauti ikirudi ili wazijue kasoro zao wenyewe. Hayo yaliendelea kwa miaka. Mwalimu mkuu wa Napoli, Nicola Porpora, inasimuliwa kwamba alimshikisha Caffarelli ukurasa mmoja wa mazoezi kwa miaka mitano au sita. Huenda kisa kimetiwa chumvi, lakini muziki walioandikiwa unaonyesha kwamba mafunzo ya aina hiyo yalikuwapo. Fungueni wimbo wowote wa Porpora au wa Handel wa miaka ile: mistari mirefu isiyo na mahali pa kupumua, miruko ya oktavu mbili, sehemu ya kwanza inarudiwa na mwimbaji anatakiwa aipambe papo hapo kwa ubunifu wake. Hii ilikuwa kazi ya akili.

Carlo Broschi, yaani Farinelli, alizaliwa Andria mwaka 1705. Baba yake alifariki mwaka 1717. Kisa cha familia kuhusu kuhasiwa kwake kilikuwa kuanguka kutoka juu ya farasi. Alifundishwa na Porpora, akapanda jukwaani Napoli mwaka 1720 akiwa na miaka kumi na tano. Miaka miwili baadaye, Roma, alishindana na mpiga tarumbeta ndani ya wimbo mmoja. Burney, aliyemtembelea uzeeni Bologna, anasimulia kwamba wote wawili waliivuta noti moja, wakaiongeza nguvu, wakaipunguza, hadi mpiga tarumbeta akaishiwa. Farinelli akatabasamu, akaendelea kwenye pumzi ileile, akamalizia na mapambo. Mwaka 1734 aliingia London katika kampuni iliyoundwa kushindana na Handel, na mji ukachanganyikiwa. Mwanamke mmoja wa tabaka la juu alipaza sauti ukumbini akimtaja pamoja na Mungu mmoja, kufuru ambayo mchoraji William Hogarth aliiingiza katika picha zake mwaka uliofuata.

Halafu, mwaka 1737, akiwa na miaka 32, aliacha majukwaa. Malkia wa Hispania, Elisabetta Farnese, alimwita Madrid. Mumewe, mfalme Felipe V, alikuwa amezama katika huzuni nzito: hakuoga, hakubadilisha nguo, hakushughulikia mambo ya nchi. Farinelli aliwekwa chumba cha jirani akaimba. Mfalme akaamka. Kuanzia hapo aliimba faraghani usiku, mwaka baada ya mwaka, nyimbo chache zilezile kwa mujibu wa simulizi za wakati huo, mpaka Felipe alipofariki mwaka 1746. Akabaki chini ya mfalme aliyefuata, Fernando VI, akasimamia opera ya ikulu, akapewa heshima ya Shirika la Calatrava mwaka 1750, na akaondoka Hispania mwaka 1759 mfalme mpya asiyependa muziki alipomwondoa kazini. Hakurudi tena kuimba mbele ya umma. Watu humhuzunikia kwa hilo. Mimi naona ndiyo sehemu ya maisha yake iliyokuwa ya mtu huru kuliko zote. Waliomjua walimsifu kwa upole na uaminifu, katika ikulu ambako kila mtu alitafuta kitu kwake.

Lakini heshima za ikulu hazikuwapa walichokuwa nacho wakulima. Giusto Ferdinando Tenducci, aliyeimba sana Uingereza na Ireland, alimwoa msichana wa Kiayalandi, Dorothea Maunsell, mwaka 1766. Familia ya bibi arusi ilimshitaki na kumtia gerezani. Mwaka 1776 mahakama ya London iliifuta ndoa hiyo. Watu waliokuwa wakimlipa ili aimbe nyimbo za mapenzi kila usiku walishangaa alipotaka kupenda.

Nani alilikomesha jambo hili la kuhasi watoto? Hakuna aliyeinuka na kulipiga vita mpaka likashindwa. Ladha ndiyo iliyobadilika. Mwishoni mwa karne ya 18 majeshi ya Ufaransa yaliingia Italia na kuvuruga konsevatori na makanisa yaliyokuwa yakiwalea waimbaji hao. Opera mpya zikataka wapenzi walioimbwa na wanaume wa sauti ya teno. Rossini aliandika sehemu moja kubwa ya opera kwa kastrato, Giovanni Battista Velluti, katika Aureliano in Palmira ya mwaka 1813, na Meyerbeer akamwandikia nyingine mwaka 1824. Baada ya Velluti, majumba ya opera yalifunga ukurasa huo. Kwa wazazi hesabu ilikuwa rahisi: mahali pa kazi pamebaki pamoja tu, kwaya za Roma, na mahali pale hapakuweza kulisha ndoto za nchi nzima.

Kanisa lilikuwa la kwanza kuajiri kwa mpango na la mwisho kuacha. Mwaka 1903, Novemba 22, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, Papa Pius X alitoa waraka wake juu ya muziki wa kanisa akaelekeza kwamba sauti za soprano na alto zichukuliwe na wavulana, kwa mujibu wa desturi ya kale ya Kanisa. Desturi hiyo ya kale ilikuwapo wakati wote. Aliyetaka angeirudia mwaka 1603, au 1703, au 1803.

Mmoja wa wachache waliosalia alituachia sauti. Alessandro Moreschi alizaliwa Monte Compatri, karibu na Roma, mwaka 1858. Mwaka 1902 ndugu wawili, Fred na Will Gaisberg wa kampuni ya Gramophone, walifika Roma baada ya kumrekodi Enrico Caruso huko Milano, wakamrekodi Moreschi Vatikani. Alirekodiwa tena mwaka 1904. Leo mnaweza kuzisikiliza rekodi hizo kwenye simu zenu. Mtamsikia akiimba Ave Maria ya Bach na Gounod, ambayo wengi wenu mmeiimba harusini. Naomba mkisikiliza msicheke, na msimhukumu haraka. Alikuwa mwimbaji wa kanisa, hakuwa wa opera. Alisimama mbele ya pembe la chuma lililokuwa bado linajifunza kunasa sauti. Na namna yake ya kuiinukia noti kwa kwikwi ilikuwa mtindo wa wakati wake. Sikilizeni mara ya pili, mara ya tatu. Kuna noti za juu ambazo hazifanani na za mwanamke, wala za mtoto, wala za falseto. Alistaafu mwaka 1913, akafariki Roma Aprili 1922. Farinelli hatumsikii pale. Tunamsikia mtu mmoja, Moreschi, na inatosha kumheshimu kwa jina lake.

Limebaki swali la wanaoandaa maonyesho: nani aziimbe sehemu hizo sasa? Mwanzoni mwa karne ya 20, opera za Handel zilipofufuliwa Ujerumani, sehemu za makastrato zilishushwa oktavu zikapewa wanaume wa sauti nzito. Muziki ulizama matopeni. Kisha akaja Mwingereza Alfred Deller, aliyeimba kwa falseto iliyofunzwa vizuri. Mtunzi Benjamin Britten akamwandikia nafasi ya Oberon katika opera ya mwaka 1960, na nyuma yake likafuata kundi zima, pamoja na Andreas Scholl wa Ujerumani na Philippe Jaroussky wa Ufaransa. Hawa wamebalehe kama wanaume wengine. Wameijenga sauti ya juu kwa mazoezi. Wasikilizaji wa upande wetu hawana sababu ya kuishangaa sauti ya juu ya mwanamume. Tumekua tukiwasikia waimbaji wa Kongo, Tabu Ley na Papa Wemba, na Wemba mwenyewe alisema alijifunza kwa mama yake, aliyekuwa akiombolezea watu misibani kama kazi.

Nawapenda waimbaji wa falseto. Lakini mkinipa mimi nichague wa kumwimba Kaisari katika opera ya Handel, nitamwita mwanamke. Janet Baker aliimba Kaisari wa Handel London mwaka 1979, na aliyesikia rekodi yake hatauliza tena swali la nguvu wala la ujasiri. Wanaopinga husema si halisi, kwamba Handel aliwaza kastrato. Handel aliwaza mwimbaji mzuri. Opera ya Giulio Cesare ilipoonyeshwa mara ya kwanza London, Februari 20, 1724, Kaisari alikuwa Senesino, aliyehasiwa. Sesto, kijana wa kiume anayetaka kulipiza kisasi cha baba yake, alikuwa Margherita Durastanti, mwanamke, jukwaa lilelile, usiku uleule. Na miaka minne kabla yake, Aprili 1720, Handel alionyesha Radamisto, habari za mwanamfalme shujaa, na shujaa huyo akaimbwa na Durastanti. Desemba ya mwaka huohuo Senesino alikuwa amewasili kutoka Italia. Handel akaiandika upya sehemu ya shujaa kwa ajili yake, akamhamishia Durastanti kwenye nafasi ya mke wa shujaa. Wakazi wa London walikuwa wamekata tiketi mwezi Aprili, wakakata tena Desemba.